Taarifa ya Bibi Randolph, na Maswali Yanayotujia Waalimu

Mwalimu wa kijiji huletewa mambo mawili asiyoyaomba: mgeni mwenye kalamu, na karatasi yenye maswali. Wageni hao hutoka katika vyuo vikuu vya nchi yetu na vya ng'ambo, nao huuliza darasani mna watoto wangapi, wangapi wana vitabu, wanakaa juu ya nini, nyumbani husemwa lugha gani, na mwalimu mwenyewe alisoma miaka mingapi. Wengi wetu hujibu upesi ili mgeni aende zake. Wengine huandika lile wanalodhani mkubwa wa elimu angependa kulisikia. Tena wako wanaoiweka karatasi chini ya rejista hata ikaliwa na mchwa, na wakiulizwa sababu husema, "Maneno ya mwalimu wa kijiji yatafika wapi?"

Swali hilo si la kipumbavu, nalo lastahili kujibiwa kwa habari za mambo yaliyotukia. Kwa hiyo twataka kueleza habari za taarifa moja iliyoandikwa na mwalimu wa kike katika shule za mashamba, ikavuka bahari hata ikafika Kabete karibu na Nairobi. Kisha tutataja na taarifa nyingine, zilizoandikwa juu ya shule pasipo sauti ya waalimu, tuone nazo zilifika wapi.

Katika Marekani, jimbo la Virginia, iko wilaya iitwayo Henrico, nayo ni jirani ya mji wa Richmond. Huko, mwaka wa 1892, binti mmoja jina lake Virginia Randolph, ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani, alipewa shule ya chumba kimoja mahali paitwapo Mountain Road. Siku zile watoto weusi walitengwa na watoto weupe kwa sheria, na fedha za serikali zilizofika katika shule za weusi zilikuwa haba mno. Bibi Randolph hakungoja fedha. Alisafisha nyumba ya shule, akapaka chokaa, akatengeneza uwanja, akawafundisha watoto kushona na kupika na kufanya kazi za mikono pamoja na kusoma na kuhesabu. Wazazi wengine walinung'unika, wakasema kwamba wamewapeleka watoto wao wakasome vitabu, wala si kufanya kazi ambazo wangeweza kuzifanya nyumbani. Naye akaenda nyumbani kwao, mlango kwa mlango, akaketi nao na kuwasikiliza. Na siku ya Jumapili akawafundisha watoto katika shule ya Jumapili. Mwezi wa Machi mwaka wa 1908 alipanda pamoja na watoto miti kumi na miwili katika uwanja wa shule, akaiita kwa majina ya mitume kumi na wawili. Wenyeji wa huko huiita miti hiyo kwa jina lile lile la mti alioupanda Zakayo, ijapokuwa siyo mikuyu yetu.

Sasa, mwaka wa 1907, mama mmoja wa Philadelphia aliyeitwa Anna Jeanes, wa dini ya Waquaker, alitoa dola 1,000,000 kwa ajili ya shule ndogo za mashamba za watu weusi, naye akafariki mwaka ule ule. Msimamizi wa fedha hizo akawa Dakta James Dillard. Fedha zilikuwapo, lakini namna ya kuzitumia haikujulikana sana. Ndipo msimamizi wa shule za Henrico, Bwana Jackson Davis, alipomwandikia Dillard akiomba mshahara wa mwalimu mmoja tu, ambaye angezunguka katika shule zote za weusi wilayani na kuwasaidia waalimu wenziwe. Tarehe 26 Oktoba 1908 kazi hiyo ikapewa Bibi Randolph. Hapakuwa na kitabu cha kumwelekeza, maana hakuna aliyepata kuifanya kazi hiyo kabla yake. Alikuwa na shule zaidi ya ishirini za kuziangalia, nazo zilikuwa mbalimbali, na kila moja ilikuwa na shida yake.

Mwaka ulipokwisha aliandika taarifa. Haikuwa kitabu cha mtaalamu wala hotuba. Ilieleza kazi iliyofanyika katika shule alizozizungukia, na jinsi watu wenyewe walivyochanga. Bwana Davis alipoisoma alitambua kwamba ameshika kitu kikubwa. Akaipiga chapa, akaituma kwa wasimamizi wa shule katika majimbo ya Kusini. Wasimamizi wengine wakaisoma, wakataka na wao mwalimu wa namna hiyo. Haukupita muda mrefu, waalimu wa kuzunguka wakawa zaidi ya mia, wakaitwa "waalimu wa Jeanes". Na kazi yao katika Marekani iliendelea hata mwaka wa 1968. Bibi Randolph mwenyewe alifariki mwaka wa 1958.

Hebu tuangalie jambo hili vizuri. Mwenye mali alikuwako, na mwenye cheo alikuwako, na wote wawili walikuwa na nia njema. Lakini njia ya kuifanya kazi haikutoka kwa mwenye mali wala kwa mwenye cheo. Ilitoka kwa mwalimu aliyejua ni shule ipi ambayo wazazi wake wako tayari kuchanga, na ni shule ipi ambayo lazima kwanza uende ukaketi nao. Kama asingaliandika, ujuzi ule ungalibaki Henrico, na kufa pamoja naye.

Sasa tuivuke bahari. Mwaka wa 1924 ilikuja Afrika Mashariki tume iliyotumwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa New York, kuchungua elimu ya Waafrika. Tume ya kwanza ya mfuko huo ilikuwa imezunguka Afrika ya Magharibi na ya Kusini katika miaka ya 1920 na 1921. Mkuu wake mara zote mbili alikuwa Dakta Thomas Jesse Jones. Na katika tume hii ya pili alikuwamo Dakta Dillard, yeye yule aliyempa Bibi Randolph mshahara. Tume ilipita Kenya, Uganda, Tanganyika, Unguja, Nyasaland na nchi nyingine, na taarifa yake ikachapwa mwaka wa 1925. Mwaka ule ule ikafunguliwa Kabete shule ya kuwafundisha waalimu wa kuzunguka kwa mfano wa Henrico, kwa msaada wa fedha za Carnegie, na mkuu wake wa kwanza akawa Bwana James Dougall, aliyekuwa mwandishi wa tume. Iliitwa Shule ya Jeanes. Nyasaland nako, ambayo leo ni Malawi, ikajengwa nyingine, huko Domasi. Kabete walimfundisha mwalimu pamoja na mkewe, na wake wakajifunza malezi na usafi. Waliporudi kwao, mwalimu akazitembelea shule ndogo za misheni, akafundisha kilimo cha bustani na kuchimba vyoo, na kuwasaidia waalimu ambao hawakupata masomo mengi. Yakini walifanya kazi njema, na wako wazee ambao wazazi wao walipona maradhi kwa sababu ya kazi hiyo.

Walakini njiani kitu kimoja kilianguka. Taarifa ya Bibi Randolph ilipofika Afrika ilikuwa imegeuka kuwa "mpango", nao ulikuwa na jina la mwenye mali, wala si jina la mwalimu. Tena ulikuwa umechanganywa na fikira za watu wengine juu ya yale ambayo Mwafrika anafaa kufundishwa: mashamba na ufundi kwanza, na elimu ya juu baadaye, au kwa wachache. Katika tume yote Mwafrika alikuwa mmoja tu, Dakta James Aggrey wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Alikuwa mwalimu naye, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo cha Livingstone huko North Carolina. Na kila mahali alipohutubu watu walijaa kumsikiliza. Alifariki mwaka wa 1927. Lakini mtu mmoja, hata awe na ufasaha namna gani, hawezi kuwa kinywa cha waalimu wa nchi nane au tisa, wala majuma machache hayatoshi kukaa mlango kwa mlango kama alivyokaa Bibi Randolph.

Malalamiko hayakukawia. Mwaka wa 1926 Dakta W. E. B. Du Bois, mtaalamu mweusi wa Marekani, aliipinga taarifa ya tume katika gazeti lake la The Crisis. Na katika Kenya wazazi walisema yale yale ya wazazi wa Mountain Road, ila safari hii hakuna aliyekuja kuketi nao. Wakaanza kujenga shule zao wenyewe. Chama cha shule huru za Wakikuyu kikaundwa mwaka wa 1934, na mwaka wa 1939 kikafunguliwa chuo cha waalimu Githunguri. Aliyekiongoza, Peter Mbiyu Koinange, alikuwa amesoma Hampton katika Virginia, na Hampton ndiyo shule iliyosifiwa kuliko zote kwa elimu ya mikono. Mambo mengine yaliyohusu dini na mila yalichangia ugomvi ule, nasi hatutaki kuyafunika. Lakini kwa maoni yetu kosa halikuwa katika jembe wala katika randa. Kosa lilikuwa kwamba wazazi na waalimu wa hapa waliambiwa jibu kabla ya kuulizwa swali.

Msomaji wa Biblia atakumbuka Nehemia, jinsi alivyozunguka usiku akizitazama kuta za Yerusalemu zilizobomoka, kabla hajamwambia mtu neno. Huo ulikuwa uchunguzi. Lakini kazi ya kujenga ilipoanza, wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, kwa kuwa kila mmoja aliujua ukuta uliomwelekea.

Liko jambo lingine la miaka ile ambalo ni chungu zaidi. Karibu na mwaka wa 1932 Bwana R. A. C. Oliver, aliyekuwa Kenya kwa msaada wa Carnegie, alitengeneza mtihani wa kupima akili za Waafrika, akaujaribu kwa wanafunzi. Mwenyewe alikuwa mtu wa hadhari, akaonya kwamba hesabu zile hazionyeshi asili ya mtu, maana watoto hawakulelewa wala kufundishwa sawasawa. Lakini wakati ule ule alikuwako Nairobi daktari mmoja, H. L. Gordon, aliyedai kwamba ubongo wa Mwafrika ni duni kwa kuzaliwa, na kwamba elimu ya Kizungu haimfai. Yeye na wenziwe walizipenda hesabu za namna ile kuliko maonyo yaliyofuatana nazo. Madai yake yalipelekwa hata Uingereza, yakazungumzwa na wakubwa. Leo hakuna mtaalamu wa kweli anayeyakubali. Lakini fikiri: ni nani angaliweza kuyajibu mara ile ile, kwa habari za kila siku? Ni mwalimu. Mwalimu ndiye aliyejua kwamba mtoto huyu ameanza shule akiwa na miaka kumi na miwili, na huyu hushinda njaa hata jioni, na yule hajapata kushika penseli kabla ya mwaka jana. Habari hizo zilikuwa katika vichwa vya mamia ya waalimu, na katika vichwa vyao zikabaki.

Basi, hayo ni ya zamani. Nchi zetu zimepata uhuru, na Shule ya Jeanes ya Kabete iligeuzwa kuwa chuo cha kufundisha watumishi wa serikali mwaka wa 1961. Uchunguzi wa elimu, ambao sasa huitwa utafiti, umekuwa kazi kubwa ya mataifa mengi kwa pamoja. Mwaka wa 1958 wataalamu walikutana Hamburg katika Ujerumani, wakaazimia kuwapima watoto wa nchi mbalimbali kwa maswali ya namna moja. Nchi za kwanza kujaribu zilikuwa kumi na mbili, na katika hizo hapakuwa hata moja ya Afrika. Ilitupasa kungoja. Mwaka wa 1995 wizara za elimu za nchi za Kusini na Mashariki ya Afrika ziliunda umoja wao, uitwao SACMEQ, kwa msaada wa wataalamu wa UNESCO walioko Paris. Kenya na Zanzibar zilikuwamo tangu duru ya kwanza. Tanzania Bara na Uganda zikaingia katika duru ya pili. Hapa maswali yalitungwa na watu wa wizara zetu wenyewe, nao ndio waliozunguka shuleni. Watoto wa darasa la sita walipimwa kusoma na hesabu. Na waalimu waliulizwa habari za vitabu, madawati, nyumba zao na safari zao za kwenda shuleni.

Katika duru ile ya pili waalimu nao waliwekewa mtihani. Neno hilo liliwachoma wengi. Katika Afrika Kusini waalimu hawakuufanya. Sisi hatuwalaumu wanaoogopa, kwa kuwa mwalimu amezoea kwamba kila anayekuja na karatasi amekuja kutafuta kosa, na mara nyingi mazoea hayo hayakumdanganya. Lakini mkaguzi na mchunguzi si mtu mmoja. Mkaguzi huandika jina lako, na kazi yake ni kukuangalia wewe. Mchunguzi wa kweli hukupa namba badala ya jina, naye huchanganya majibu yako na ya maelfu ya wenzako, kwa kuwa ataka kuijua nchi, wala si kukujua wewe. Ukimpa uongo ili ujipendekeze, huwezi kumdanganya mkubwa wako, maana yeye hataliona jina lako. Utakayemdhulumu ni mtoto. Shule ikiandika kwamba kila mtoto ana kitabu chake, hali vitabu ni vinane na watoto ni sitini, ni nani atakayeleta vitabu vingine?

Mwaka wa 2009 ulianza na uchunguzi mwingine katika Kenya, Tanzania na Uganda, ulioitwa Uwezo, ambao asili yake ni mfano wa India. Huo haukupita shuleni tu. Wachunguzi walikwenda nyumba kwa nyumba na kuwapa watoto masomo na hesabu za darasa la pili, ili hata yule asiyekwenda shule ahesabiwe. Matokeo yake yaliwaumiza waalimu, kwa kuwa watoto wengi wa madarasa ya juu walishindwa kusoma habari fupi. Waalimu wengine walikasirika, wakasema kwamba wanasingiziwa. Twaona ingefaa zaidi kama wangalijibu kwa rejista: siku ngapi za mwaka darasa lilikuwa na watu kamili, siku ngapi lilikuwa nusu kwa ajili ya mavuno au mvua, na mara ngapi mwalimu mmoja alisimama mbele ya madarasa mawili. Jibu la namna hiyo lingekuwa sehemu ya uchunguzi wenyewe, na mtu wa Paris au wa Delhi angelisoma na kulipima. Hasira haina mahali pa kuandikwa katika jedwali.

Na mwalimu asidhani kwamba lazima angoje kuulizwa. Bibi Randolph hakuulizwa juu ya ile miti kumi na miwili. Tunao waalimu ambao wamegundua, kwa kufundisha tu, ni herufi zipi huwachanganya watoto ambao lugha ya mama yao si Kiswahili, au ni kwa nini wasichana wa darasa la tano hupungua mwezi fulani. Mambo hayo, yakiandikwa wiki kwa wiki katika daftari, pamoja na tarehe na hesabu, ndiyo yanayotafutwa na vyuo vikuu kwa gharama kubwa. Wako wachunguzi ambao sasa humtafuta mwalimu awe mwenzao wa kazi, na jina lake huandikwa juu ya kitabu pamoja na majina yao. Mwalimu akialikwa hivyo, asikatae kwa unyenyekevu usio na kazi.

Tena hatusemi kwamba kila mgeni apokewe. Mchunguzi mwema hufika na barua ya kibali. Katika Tanzania hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, na katika Kenya iko tume kama hiyo. Kisha hupita kwa afisa elimu wa wilaya kabla ya kufika mlangoni pako. Mwombe barua hiyo bila kuona haya. Mwulize majina ya watoto yatafichwaje, na wazazi wameambiwa nini. Asiyetaka kuulizwa maswali hayo, mwache aende zake. Na juu ya yote mwulize ni lini ataleta matokeo, kwa lugha ambayo kamati ya shule na wazazi wanaweza kuisoma. Hapo ndipo wengi huwa wazito, tangu zamani: taarifa ya mwaka wa 1925 iliandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa London na New York, na waalimu wengi wa vijijini walioandikwa ndani yake hawakupata kuiona. Basi mwalimu na amwambie mchunguzi aache anwani yake, na yeye mwenyewe ayanakili majibu yake katika daftari la shule kabla ya kuirudisha karatasi, pamoja na tarehe. Ili matokeo yatakapokuja, aweze kuyaweka kando ya yale aliyoyasema, na kuona kama yamesikiwa.